Jinsi ya Kuwataja Wezi Madibira Bila Kusikika

Ukitaka kuimba juu ya uhalifu ukiwa Madibira, achana na bongo fleva. Ina kasoro moja kubwa: maneno yanasikika. Nay wa Mitego alitoa "Wapo" mwaka 2017, kila neno likaeleweka, akakamatwa Morogoro na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia wimbo. Kesho yake Mwakyembe, waziri wa wakati ule, mtu wa Kyela, mkoa wetu huuhuu wa Mbeya, akatangaza kwamba Rais wa wakati ule ameupenda, msanii aachiwe, na ikiwezekana awaongeze wakwepa kodi na watu wa dawa za kulevya. Wewe usitegemee bahati ya namna hiyo. Imba hevi metali. Ukishanguruma, nani ataenda kituoni kuapa kwamba kasikia jina lake?

Kwanza tafuta mhalifu. Judas Priest wa Uingereza, katika "Breaking the Law" ya mwaka 1980, walimchagua kijana asiye na kazi aliyechoka kufuata sheria, na kwenye video wakavamia benki kwa magitaa. Hayo ya kwao. Wewe mwimbe mnunuzi wa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo.

Kisheria gunia lisizidi kilo 100, na mizani ndiyo iseme. Sasa nenda ukaangalie mzigo wa mpunga unavyofungwa wakati wa mavuno. Gunia likijaa, mdomo unaunganishiwa kipande cha gunia jingine kwa sindano ya chuma, debe la ziada linamiminwa, kijana anapanda anashindilia kwa goti, ndipo linashonwa. Likisimama linafanana na askofu aliyevaa kofia yake ya ibada. Mkulima analipwa gunia moja. Yote mchana kweupe, na mwenye mpunga ndiye anayeshikilia mdomo wa gunia ili usichanike. Hapo una kiitikio tayari.

Ubeti wa pili mpe mwizi wa maji. Skimu yetu ya umwagiliaji ina kama hekta 3,000, zote zinautazama mto Ndembera, na usiku wa manane geti la mfereji hufunguka lenyewe. Asubuhi jaruba la juu maji yako magotini, la chini lina nyufa. Kabla ya kuandika, hakikisha mwizi si mjomba wako. Kama ni wewe mwenyewe, sema "yule".

Vyombo visikutishe. Judas Priest walipohitaji mlio wa kioo kuvunjika, walivunja chupa za maziwa. King'ora cha polisi wakakitoa kwenye gitaa. Wewe una mashine ya kukoboa, na hiyo haihitaji mazoezi. Gitaa kaazime kwa kwaya, useme ni maandalizi ya Pasaka. Spika yao ikiwa imechanika usiitengeneze. Wenzako Ulaya hununua kifaa maalumu ili wapate mkwaruzo huo. Mpiga ngoma akienda kuvuna, msimsubiri: kundi la Duma la Nairobi walikuwa wawili tu, na albamu yao ya mwaka 2020, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ina midundo ya mashine inayokimbia kuliko bodaboda ya Rujewa.

Kunguruma kuna adabu yake. Toa sauti tumboni, si kooni, la sivyo Jumapili utashindwa kuitikia hata amina. Wazee wakiuliza kama umepagawa, jibu, "Shikamooni, ni elimu kwa jamii." Ofisa akitaka maandishi ya wimbo, mpe kiitikio peke yake, kilichoandikwa vizuri, kinachosema wizi ni mbaya.

Ubeti wa tatu ndio wa majina. Yataje yote, pamoja na namba za maghala.

Siku ya onyesho mnunuzi wa lumbesa atakaa mbele, kwa sababu ndiye aliyelipia jenereta. Mapigo yatamkolea, atapanda jukwaani kukutunza. Pokea noti, ila zihesabu nyuma ya spika, kwa kuwa anavyofunga noti ni kinyume cha anavyofunga magunia. Akiomba urudie, anzia ubeti wa tatu.