Nani Anaona? Uainishaji wa Magari ya Bukavu

Wataalamu huyapanga magari kwa chapa, mwaka wa kutengenezwa au ukubwa wa injini. Hapa Bukavu mpangilio huo haufai kitu. La kuuliza ni moja: anayeiona njia ni nani?

Jinsi ya kwanza ina usukani kushoto, kama ipasavyo nchi inayoendesha kulia. Shofere anajionea mwenyewe. Hupatikana zaidi kwenye nyua za mashirika ya misaada, na haina mengi ya kuchunguza.

Jinsi ya pili ndiyo tele: Toyota iliyozeekea Japani, ikashushwa Dar es Salaam au Mombasa, usukani kulia. Shofere wake huketi upande wa mtaro. Kwenye kona za Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, akipita ukingoni hulitazama bonde vizuri kuliko yeyote garini. Asiloliona ni Fuso lililofichwa na lori analotaka kulipita. Jicho, kwa hiyo, limehamia kwa abiria wa mbele. Yeye ndiye huchungulia na kutoa hukumu: “Pita!” au “Ngoja kwanza!” Teksi ikibana wawili kiti hicho, hukumu huwa mbili, na vichwa vyao vimekwisha kuziba kioo cha kushoto.

Hiace ni jinsi ndogo ndani ya hiyo. Nyingi mlango wao uko kushoto, basi pale Nyawera abiria hushukia katikati ya barabara, konvuayeri, yaani kondakta, akitangulia kunyoosha mkono kuzuia pikipiki. (Pikipiki zenyewe hatuziainishi. Zinaona kila kitu na hazijali chochote.)

Usiku mpangilio wote huvurugika. Taa za gari la Japani huinua mwanga upande wa kushoto, zimmulike mwenda kwa miguu wa kule. Kwetu kushoto kuna macho ya shofere anayekuja, kwa hiyo hata jinsi ya kwanza hupofuka.

Uswidi waliugua maradhi haya ya usukani kinyume: magari mengi yalikuwa na usukani kushoto, nao wakiendesha kushoto. Tarehe 3 Septemba 1967 wakaihamisha nchi nzima kulia, usukani ukabaki ulipo.

Kwetu mjadala uliobaki ni wa nauli. Abiria wa mbele hufanya nusu ya kazi ya shofere, lakini hulipa sawa na aliyesinzia nyuma. Wapo wanaodai apunguziwe. Mashofere hujibu kwamba kiti cha mbele kina hewa nzuri.