Bushi za Mbele na Ua Uliogeuka Gereji

Kelele ilianzia kwenye matuta. Kila tukipanda tuta la njia ya Chumbageni, mbele kushoto panagonga ko! Nikikanyaga breki, usukani unavuta upande. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kwetu Tanga kututembelea, ndiye wa kwanza kusema gari limelegea viungo. Hakukosea. Nilichomeka mtalimbo kati ya mkono wa chini na krosimemba, nikakandamiza kidogo, mkono mzima ukasogea. Bushi ya nyuma ilikuwa imeachana: mpira kivyake, chuma kivyake.

Kilichoniuma ni kwamba bushi zile zilikuwa mpya juzi tu. Zilibadilishwa gereji, tukalipa hela nzima, na hazikumaliza mwaka. Gari letu ni Toyota Allex, aina iliyotengenezwa kuanzia 2001 hadi 2006, na mbele lina mfumo wa MacPherson kama Runx na Corolla za wakati huo. Shokapu na springi hubeba uzito. Chini kuna mkono mmoja tu kila upande unaozuia gurudumu lisikimbie mbele wala nyuma. Ukishika breki, bushi mbili za mkono huo ndizo zinazopokea kishindo. Gari limebeba watoto, kwa hiyo sikuwa tayari kubahatisha tena. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa likizo kutoka chuo cha ufundi. Tukakubaliana tulifungue wenyewe, uani.

Mama watoto aliridhia kwa sharti: Jumamosi asubuhi mama yake anatakiwa arusini Muheza, na hatapanda daladala.

“Mkilifungua, mlifunge,” alisema. “Na nguo zangu zisipate grisi.”

Tukahamisha kamba ya nguo. Gari tukalipandisha kwenye stendi za chuma, na magurudumu tuliyoyavua tukayalaza chini ya ubavu wake, ili stendi ikiteleza gari liangukie tairi, si kifua cha mtu. Jeki ni ya kuinulia. Asilale mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Mkono wa kulia ulitoka bila matata. Bojointi ya magari haya imefungwa kwenye mkono kwa bolti moja na nati mbili, ukizifungua unabaki na bolti za krosimemba. Zilikuwa na kutu ya hewa ya bahari, lakini tulishazimwagia mafuta ya kulegeza kutu tangu usiku, na spana tuliyoiongeza urefu kwa bomba la chuma ikazishinda.

Kushoto ndiko kulikokuwa na kazi. Bolti ya mbele ililegea vizuri, ikatoka nusu, kisha ikagota kwenye giaboksi. Kwa Allex ya automatiki, giaboksi limekaa hasa pale bolti inapotaka kupita. Shemeji akaizungusha, akaivuta, akaigonga kwa nyundo ya mbao. Haikwenda popote. Jirani aliyekuwa anachungulia kwenye michongoma akashauri tuikate kwa msumeno.

“Hapana, kaka,” shemeji alimjibu. “Tukiikata leo, kesho tutarudishia nini?”

Hapo nilimwona kijana ni fundi kweli. Aliweka ubao juu ya jeki, akaegemeza giaboksi, akalegeza maunting ya upande ule, akalipandisha taratibu huku akichungulia kwa tochi. Lilipoinuka kiasi cha kidole, bolti ikateleza ikaja mkononi mwake. Pale uani tulipiga makofi, na mama mkwe akatoa kigelegele.

Bushi za zamani tulizitoa kwa jiliwa, kipande cha bomba na bolti ndefu yenye washa nene, iliyofanya kazi ya presi. Kabla ya kuitoa ile kubwa ya nyuma, shemeji alikwangua alama kwenye mkono kwa msumari. Mpira wake una mapengo, na mapengo hayo lazima yaelekee yalikokuwa yakielekea, kwa sababu ndiyo yanayoamua mkono ulegee upande upi na ukaze upande upi. Bushi mpya ziligoma kuingia. Nilinyoosha mkono kuchukua grisi, mama watoto akanizuia, akaleta kipande cha sabuni ya mche na maji kwenye kikombe. Shemeji akamuunga mkono dada yake: mafuta na grisi huvimbisha mpira na kuuozesha, sabuni hukauka ikaisha. Zikaingia.

Alhamisi jioni, wakati wa kurudishia, nati moja ya bojointi haikuonekana. Tulipekua mchanga, tukainua magunia, tukamsumbua hadi kuku aliyeatamia. Mwanangu wa mwisho alikuwa akipika chakula cha kitoto nyuma ya banda, na nati ilikuwa ndani ya kifuu, imeshachanganywa na majani. Mama mkwe ndiye aliyeiona. Akaifuta kwa ncha ya kanga, akanikabidhi. “Shika, baba. Mimi nataka kufika arusini.”

Sasa nifike kwenye jambo lililoua bushi za kwanza. Mpira wa bushi hizi hauzunguki. Umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na mkono ukipanda au kushuka, mpira hujinyonga kama nguo inayokamuliwa. Ukikaza bolti magurudumu yakiwa yananing'inia, umeufunga mpira ukiwa mahali pasipo pake. Gari likishuka chini, tayari umejinyonga hata kabla ya kutembea hatua moja, na kila shimo la barabara linauongezea. Gereji ile walikaza hivyo hivyo, gari likiwa juu, nilikuwepo, niliwaona. Sisi bolti tuliziacha zimeshikizwa tu, tukaweka jeki chini ya mkono upande wa bojointi, tukaupandisha mpaka gari likaanza kuachana na stendi, na hapo ndipo tulipozikaza kwa nguvu zote.

Ijumaa tukapeleka gari likapigwe alaimenti, maana ukishagusa mikono, magurudumu hayasimami tena kama zamani. Jumamosi mama mkwe alifika Muheza, na njiani hapakugonga kitu.

Nawaombeni nyote mnaopeleka gari gereji kubadilisha bushi: msiondoke kwenda kunywa chai. Subirini mpaka mwisho, na fundi akitaka kukaza bolti za mkono tairi zikiwa hewani, mwambieni kwa adabu ashushe uzito wa gari kwanza, ndipo akaze.