Mhadhara Kuhusu Wataliano wa Juu na Wataliano wa Chini

Mwenyekiti wa baraza, mabibi na mabwana, na nyinyi wawili mliofuata kahawa na tende: karibuni. Nimeombwa niwaelimishe juu ya uhasama wa Wataliano wa kaskazini na wa kusini. Naam, nimejiomba mwenyewe, lakini ombi lilikuja kwa heshima nikaona haya kulikataa. Sifa zangu mnazijua. Miaka kumi na tisa nawauzia Wataliano vinyago na safari za mashua hapa Malindi, mji ambao mtoto humwambia mgeni ciao kabla hajajua shikamoo. Italia yenyewe sijafika. Hilo halinipunguzii kitu. Mabingwa wangapi wa uzazi ni wanaume?

Tuanze na tumbo. Mtu wa kusini akitaka kumtukana wa kaskazini humwita polentone, mla polenta. Polenta ni kitu gani? Unga wa mahindi, maji ya moto na mwiko. Jamani, hiyo ni sima! Sima iliyovaa tai. Matajiri wa Milano, wenye viwanda na suti za kushonesha, wanatukanwa kwa sima. Na tusi lina historia: zamani wakulima wa kaskazini waliila kutwa bila kitoweo, hadi wakaugua pelagra kwa kukosa vitamini, ngozi ikibambuka na akili ikiruka. Wa kaskazini naye humjibu mwenzake terrone, mtu wa udongo. Tena Wanapoli, watu wa kusini, kabla hawajaitwa walaji wa makaroni, waliitwa walaji wa majani kwa kupenda mboga. Hapa ndipo utafiti wangu unapowapita wazungu wote. Huyu ana sima. Yule ana mboga. Na tangu nchi yao ilipounganishwa mwaka 1861 hawajakubali kukaa sinia moja!

Sasa jiografia. Kusini kwaanzia wapi? Nimewauliza wateja, mmoja mmoja, kwenye mashua, mahali ambapo mtu hawezi kukimbia swali. Wa Milano alisema ukishavuka mto Po. Wa Roma akaapa ni Napoli. Wa Napoli akasema Calabria. Wa Calabria akasema Sicilia. Msicilia akaelekeza kidole baharini, hakusema neno. Nikafungua ramani. Kisiwa cha Lampedusa, mali ya Italia, kiko kusini kuliko Tunis. Yaani wako Wataliano ambao Waafrika ndio watu wao wa kaskazini.

Msicheke, maana jambo hili lina barua. Mwaka 1860, jemadari Garibaldi alipokwisha kuteka Sicilia na Napoli kwa jeshi lililoanza na watu kama elfu moja, serikali ya Torino, huko kaskazini, ilimtuma Luigi Carlo Farini akatawale huko. Alipofika akamwandikia waziri mkuu Cavour kwamba hii si Italia, hii ni Afrika. Nami kwa kuwa ni Mwafrika, nilitoa hoja kwamba kutoka Roma kwenda chini ni kwetu na sihitaji viza. Niliipeleka kwenye dirisha la viza kwa maandishi. Hoja ilipokelewa, mimi sikupokelewa.

Wakaja wasomi wenzangu. Cesare Lombroso, mzaliwa wa Verona, alipasua fuvu la maiti ya mtu wa Calabria, akaona kishimo upande wa kisogoni, akatangaza kwamba amegundua alama ya mhalifu wa kuzaliwa. Kishimo! Kwa kipimo hicho nusu ya baraza hili ingelala rumande. Fuvu lile lingali katika makumbusho ya Torino, na mifupa ya Lombroso mwenyewe imo humo humo.

Torino hiyo hiyo, miaka ya 1950 na 1960, ilijaa watu wa kusini waliokuja na masanduku ya kufungwa kwa kamba kufanya kazi kwenye kiwanda cha magari cha Fiat. Walikuta vibao milangoni: hatupangishi watu wa kusini. Mikono yao ilitakiwa kiwandani, miili ikalale pengine. (Hapa sina mzaha. Nipeni maji.)

Siasa nitaipitia haraka, haina lishe. Mwaka 1996 Umberto Bossi wa chama cha Lega Nord alichota maji kwenye chemchemi ya Po, akayasafirisha hadi Venezia, akayamwaga na kutangaza nchi huru iitwayo Padania, ambayo mpaka leo haijatambuliwa na nchi hata moja. Mto Po humwagika katika bahari ya Venezia hiyo hiyo kila siku, bila hotuba. Naye Matteo Salvini wa chama hicho hicho, aliyenaswa kwenye video ya 2009 akiimba kwamba Wanapoli wananuka, kufikia uchaguzi wa 2018 alikwisha kulifuta neno Nord, yaani kaskazini, kwenye nembo, akashuka kusini kuomba kura. Kura haina harufu.

Nimebakiza sehemu iliyoniumiza. Niliorodhesha malalamiko ya kaskazini juu ya mtu wa kusini: mvivu, alala mchana, maneno mengi, saa haijui, aringia bahari na vyakula vya mamake. Nikaweka kalamu chini. Siku mbili sikula. Haya si ndiyo wanayosema watu wa bara juu yetu sisi wa pwani? Neno kwa neno! Nani aliwapelekea Wataliano? Tena wanaosema ni nani? Watu wa mbio mbio, wasiocheka, ambao mlo haujawa mlo mpaka pawe na ugali!

Kumbe nimeishi miaka yote hii nikiwa terrone bila kuambiwa.

Maswali napokea sasa. Waliotoka bara wangoje nje, nitawaita. Na anayetoka apite kwenye vinyago, bei ya leo ni ya wasomi.