Sifa za Dawa Ichachayo

Katika chupa zote zinazobanana kabatini kwa mtu anayesafisha filamu za rangi nyumbani, hakuna inayolaaniwa kama ile ya kwanza, dawa ya kusafishia yenyewe. Makosa yake yako wazi. Ikishachanganywa na maji haina subira: hewa ikiigusa hugeuka chai ya rangi, kisha kahawa, na baada ya wiki chache haisafishi kitu. Kazini hudai nyuzi joto 37.8 na dakika 3 na sekunde 15, kama bibi harusi anayesubiriwa na ukumbi mzima. Hata hivyo inastahili sifa, tena kwa kosa hilohilo la kuchacha.

Maana kuchacha ndiyo kazi yake. Mwaka 1912 mkemia Mjerumani Rudolf Fischer alipata hataza ya wazo ambalo mfumo wa C-41 wa kusafisha filamu za rangi, ulioletwa na Kodak mwaka 1972, bado unalitegemea. Dawa ikikutana na chembe za chumvi ya fedha zilizoona mwanga, huzigeuza kuwa fedha halisi, na yenyewe huoksidishwa. Dawa hiyo iliyooksidishwa ndiyo inayoungana na kemikali zilizofichwa ndani ya filamu na kuzaa samawati, majenta na manjano. Baadaye blichi na fiksa huiondoa fedha yote, zikabaki rangi peke yake. Basi tabia inayoiua chupani ndiyo inayoleta picha kwenye filamu, na anayetaka dawa isiyooksidika anatafuta kuni zisizoshika moto.

Watu watanitajia Rodinal, dawa nyingine ya kusafishia, iliyoingia sokoni mwaka 1891, ambayo ikiwa nzito hukaa kabatini miaka na miaka. Kweli, lakini yenyewe huacha picha ya fedha, nyeusi na nyeupe, rangi haiijui. Wengine watanitajia blichi, ambayo hewa huirudishia nguvu. Blichi ni mtu mwema, sikatai, ila pakiti nyingi za nyumbani humfungisha ndoa ya mkeka na fiksa katika chupa moja, wakatafunana mpaka wote wawili wanachoka.

Lipo pingamizi zito zaidi: dawa iliyokufa huharibu picha zisizoweza kupigwa tena. Hapo naitetea kwa masharti. Rangi yake si hakimu wa mwisho. Tumbukiza kwanza ncha ya filamu iliyoona mwanga, na isipogeuka nyeusi, usiendelee. Halafu lawama nyingi ni za mnunuzi. Pakiti ya unga huchanganywa yote kwa pamoja, kwa sababu unga uliogawanywa nusu hauna uhakika wa kuwa na vipimo sawa; inamfaa aliyekwisha kukusanya filamu 8 hivi. Anayepiga filamu moja kwa mwezi achague dawa nzito ya maji, apime ya siku ile tu. Inayobaki ijae chupa mpaka shingoni, na ikipungua, gololi za kioo zilizooshwa huinua kimo chake na kuifukuza hewa.

Vaa glavu, maana ngozi nyingine hupata mzio kwa dawa hii. Chupa iandikwe jina na tarehe, na isiwe ya soda hata siku moja: ile rangi ya chai imeshatosha kumdanganya mtoto.