Sifa Zake Mkweche

Wali umesifiwa, majahazi yamesifiwa, hata tembo la mnazi lina washairi wake. Kompyuta kuukuu haijapata msemaji, na nadhani ni kwa sababu wenye nayo wanaona haya. Mimi sioni. Ninao mkweche wangu, CPU ya mezani pamoja na kioo chake cha chogo, umekaa kwenye kona ya sebule yetu hapa Mabatini, Mwanza, na leo nausifu mbele za watu.

Kwanza hauibiki. Anayezijua nyumba zetu za mlimani, zilizopandana na mawe hadi mtu anapita kwa jirani kwenda kwake, ataelewa. Gari halifiki. Mwizi aliyepita mtaani kwetu alibeba simu, jiko la gesi na viatu vya shule. Chogo alikisogeza tu ili apate njia. Kukishusha kile kwa ngazi za mawe, usiku, huku umekumbatia kioo, ni adhabu ambayo hata mahakama ingesita kuitoa.

Pili, haukimbizani na wakati. Betri yake ndogo ya saa, ile bapa ya volti 3, ilikufa zamani, kwa hiyo kila ukiwashwa unaamka tarehe 1 Januari 2002. Rais ni Mkapa. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, halipo. Anayekwenda Sengerema anasubiri kivuko. Tovuti nyingi zinakataa kufunguka, maana kwa hesabu za mashine vyeti vyao vya usalama vitatolewa miaka ishirini na kitu ijayo. Betri mpya si ghali. Sijainunua kwa sababu sijaona mahali pengine ninapoweza kurudishiwa ujana wangu kila asubuhi bila kulipia.

Na ukoo wake una historia. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuzitumia katika hesabu za Hazina kwenda mrama. Mashine iliyowahi kuogopwa na serikali nzima si kitu cha kudharau. Halafu Microsoft walipopanga siku ya kuacha kuihudumia Windows 10, ikaangukia 14 Oktoba 2025, siku ileile tunayomkumbuka Mwalimu Nyerere, ambaye marufuku ile ilitolewa chini ya uongozi wake. Kompyuta nyingi zisizo na ugonjwa wowote zikastaafishwa siku hiyo. Mkweche wangu haukushtuka: ulishatangaziwa msiba tarehe 8 Aprili 2014, Windows XP ilipoachwa, na tangu hapo unajiendea na Linux nyepesi ya bure. Ukiuwasha asubuhi unakoga, unakunywa chai, ukirudi unakuta unakaribia.

Lakini sifa yake kuu, ile inayonifanya niwadharau kimoyomoyo wenye laptopu nyembamba, ni kwamba unakubali kufunguliwa. Skrubu mbili nyuma, ubavu unatoka. Hakuna gundi, hakuna betri iliyobandikwa, hakuna RAM iliyochomelewa kwenye bodi ili siku ikifa uzike mashine yote. Ndani utakuta vumbi la mlimani, mayai mawili ya mjusi kwenye power supply, na feni iliyovaa wadudu wa ziwani, wale wanaotanda juu ya maji hadi mgeni akadhani kuna moto. Wakifuata taa usiku, feni huwavuta ndani, na huko ndiko wanakokaukia.

Ugonjwa wake nao hauna siri. Kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka kiwandani na kapasita mbovu. Kapasita nzima ina kichwa bapa chenye mikato; iliyokufa imevimba utosi, na ikizidi inatoa uchafu wa kahawia. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuionyesha kwa kidole. Fundi wangu aling'oa tatu za namna hiyo, akaweka nyingine alizozitoa kwenye king'amuzi kilichokufa. Nikamuuliza kama hazitagombana.

"Mzee, maikrofaradi zilingane. Volti zikizidi sawa, zisipungue tu."

Mashine ikawaka. King'amuzi, ambacho maisha yake yote kilikuwa kikikata picha dakika ya themanini na tisa, sasa kinafanya kazi ya maana.

Maana mkweche haufi wote. Nilikuwa na mwingine uliokufa bodi. Power supply yake ilikuwa nzima: unaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, feni inazunguka, na waya wa njano unakupa volti 12. Leo inawasha redio ya gari na taa za LED kwenye saluni ya mpwa wangu. Sumaku za diski yake zimeshika visu jikoni. Ganda amepewa kuku, anaatamia humo. Mwanza hili hatukulianza jana. Pale Makoroboi mafundi walikuwa wakikata makopo na mabati chakavu kutengeneza koroboi, mpaka eneo likachukua jina. Siku hizi jambo hilohilo linafanyiwa semina, na chai ya saa nne.

Wenye wivu husema mkweche una sumu. Kweli, unayo, na ni ya kujilinda. Kioo cha chogo kina risasi nyingi, na nyuma yake huwa na umeme wa volti kama 25,000 unaoweza kubaki hata baada ya kuzimwa; asiye fundi asipeleke mkono. Sumu hiyo haimdhuru anayeutunza mkweche mezani. Inamrudi anayeuvunja na kuchoma nyaya jalalani ili apate shaba ya kupima kilo: moshi unaingia kwa watoto, majivu yanashuka na mvua kati ya mawe hadi ziwani, tunakovua sato wetu. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyorekodiwa kuwa imekusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Wangu haumo katika hizo tani. Uko sebuleni.

Jambo hilo la sebuleni lina upinzani.

"Baba Neema, mwaka huu kati yangu na hicho kitu, mmoja atahama."

Nikamkumbusha kwa upole kwamba mkweche huo ndio uliochapa kadi za mchango wa harusi yetu.

"Na waliochanga walikuwa wangapi?"

Sikujibu. Mkweche hauhusiki na ubahili wa watu.

Kwa sasa unaumwa. Ukiwashwa unalia mlio mrefu, unanyamaza, unalia tena. Hiyo ni RAM, na safari hii kuifuta miguu kwa ufutio wa penseli hakukusaidia. Natafuta DDR ya MB 512, iwe ya zamani kweli, si DDR2, maana haiingii. Mwenye nayo tubadilishane: ninazo kebo nne za VGA, kipanya cha gololi ambacho bado kinakimbia, na akivumilia kidogo, vifaranga wawili wa yule kuku.