Jinsi ya Kuvuka Novemba Karurumo Bila Kukosea Hata Mara Moja

Mgeni akishuka kwenye Probox pale Karurumo mwezi wa Novemba, haulizwi jina wala anakokwenda. Huulizwa, "Huko ulikotoka kunanyesha?" Akijibu ndiyo, wanaomsikia hutikisa kichwa kama watu waliojua zamani. Akijibu hapana, hutikisa kichwa vilevile. Hapo ndipo huanza kufahamu kwamba amefika mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kukosea.

Mwongozo huu ni wake, na pia ni wa mwenyeji aliyekaa Nairobi hadi akasahau jinsi tope la Embu linavyovua mtu kiatu. Ukiufuata hatua kwa hatua, utamaliza mvua za vuli ukiwa mkavu kiasi, mzima kiasi, na mjuzi kupita kiasi.

Hatua ya kwanza: Tafuta veranda

Nyumbani kwako hakufai, kwa sababu kuna kazi. Tafuta veranda ya duka. Iliyo bora huwa na bati lisilovuja upande wa benchi, mwenye duka anayekubali kuandika chai kwenye daftari la madeni, na mzee mmoja anayesoma gazeti la jana kwa sauti. Mbele ya veranda kuwe na barabara ya marramu, na chini ya barabara hiyo kalavati, ili mpate kitu cha kutazama.

Kalavati letu limeziba. Ukiinama kulichungulia utaona chupa za soda, kipande cha gunia la mbolea, vijiti vya muguka vilivyokwisha kuchunwa majani, na mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, lakini inaonekana kalavati halikupata nakala ya tangazo. Usiguse kitu. Keti, agiza chai.

Hatua ya pili: Tabiri hali ya hewa

Vitabuni mvua hii ni ya vuli. Wazee huiita mvua ya mwere, kwa kuwa zamani ndiyo iliyootesha mawele. Huanza Oktoba, hupamba moto Novemba, huaga Desemba. Sisi tuko upande wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya, ule unaopokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Upepo ukifika mlimani hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, ukipoa hutua mzigo wake. Mzigo huo ni sisi tunaobebeshwa.

Hayo usiyaseme verandani. Ukieleza sababu utaonekana mwalimu, na mwalimu huombwa mkopo. Tazama kilima cha Kirimiri kwa muda mrefu, vuta pumzi, kisha useme: "Itanyesha, lakini si sana, ila huenda ikazidi." Sentensi hiyo haijawahi kushindwa.

Wakubwa walioacha kuitumia walijuta. Mwaka 2023, baada ya maonyo ya El Niño kusikika kwa wiki nyingi, Rais William Ruto alitangaza mwezi Oktoba kwamba El Niño haitakuwapo, ila mvua iliyozidi kawaida kidogo. Novemba ikaja na mafuriko yaliyoua watu zaidi ya mia moja nchini na kuwafukuza maelfu kwa maelfu makwao. Veranda yetu haikushangaa. Ilikuwa imesema itanyesha. Ilikuwa imesema pia haitanyesha, lakini hilo hakuna aliyelikumbuka.

Kijana akijaribu kubishana kwa kutumia simu yake, mtajie mvua ya 1997. Akibisha tena, mtajie 1961. Hakuna programu ya simu inayoweza kumshinda mtu aliyelowa mwaka 1961.

Hatua ya tatu: Jiandae na giza

Kwingine dalili ya mvua ni mawingu. Kwetu ni stima kupotea. Tone la kwanza likigonga bati, balbu hupepesa mara mbili kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni, kisha huzima hadi siku isiyojulikana.

Usikasirike, shangaa tu. Mto Rupingazi unaingia Thiba, Thiba unaingia bwawa la Kamburu, lililojengwa mwaka 1974 kwenye mto Tana, na maji hayohayo yanazungusha mitambo inayowasha taa nchini. Kwa hiyo mvua ya kaunti yetu ndiyo stima yenyewe. Inapita kwetu ikiwa maji, inashuka kwenye Tana, inageuka umeme, kisha inasafiri hadi Nairobi. Kurudi ndiyo kazi, maana barabara ni mbaya.

Hatua ya nne: Vuna kahawa ukiwa umeketi

Kwa bahati mbaya Novemba ndio msimu mkubwa wa kahawa. Buni nyekundu haingoji mtu. Ikichumwa leo yafaa ifike fakitori leo, isagwe kabla haijaanza kuchacha. Na ikishasagwa huhitaji jua juu ya meza za kukaushia, jua ambalo limeenda likizo pamoja na wanafunzi.

Mkulima wa veranda hutatua tatizo hili kwa kuwatuma wengine. Wewe baki hapa ulinde bei. Kila anayepita na gunia mgongoni, miguu hadi gotini tope tupu, mwulize kwa upole: "Mama, mwaka huu watatulipa ngapi kwa kilo?" Neno muhimu ni *watatulipa*. Linakuingiza kwenye malipo bila kukuingiza shambani.

Hatua ya tano: Jitibu mwenyewe, kisha uwatibu wengine

Baridi ikiingia, veranda hugeuka kliniki. Mgonjwa hahitaji kueleza lolote. Anapiga chafya moja na madaktari sita wanafungua midomo. Wa kwanza ataagiza tangawizi, limau na asali. Huyo mheshimu, hana madhara. Wa pili ataagiza kitunguu saumu kitafunwe kibichi. Huyo pia mheshimu, lakini usikae naye benchi moja. Wa tatu atasema, "Nunua zile za rangi mbili." Anazungumzia kapsuli za antibayotiki, ambazo hazina habari na mafua kwa sababu mafua huletwa na virusi. Mwambie hivyo atakuuliza ulisomea udaktari wapi. Yeye alisomea kwa shemeji yake.

Homa ikikaa siku tatu, hukumu itatolewa kwamba ni taifodi. Karurumo kila homa ya Novemba ni taifodi hadi ithibitishwe kuwa ni mapenzi. Utapelekwa kupimwa kipimo cha Widal, ambacho huweza kuonyesha chanya hata kwa mtu aliyepona ugonjwa huo miaka mingi iliyopita. Utarudi na karatasi, na veranda itaisoma kwa zamu.

Jambo moja silifanyii mzaha. Baridi ya usiku huwashawishi watu kuingiza jiko la makaa chumbani, kufunga madirisha na kulala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki kuisimulia. Jiko libaki nje. Ongeza blanketi.

Hatua ya sita: Jisajili SHA

Ukizidiwa, kuna hospitali ya misheni ya Consolata pale Kyeni. Lakini kabla ya kufika huko lazima upite SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa. Mamlaka hiyo ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, yaani mwanzoni kabisa mwa mvua, na wengi wetu tuliipokea kama tunavyopokea mvua: kwa kusogea ndani zaidi na kungoja ipite.

Haikupita. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kabla hajauona. Asiye na mshahara, ambaye ndiye mwenye benchi hili, hupimwa uwezo kwa maswali. Ukuta wako ni wa nini? Paa ni la nini? Choo je? Maji unachota wapi? Kisha mashine huamua unapaswa kulipa ngapi, na haishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Jibu kwa uangalifu. Ukisema paa ni la mabati, mashine itakuona una uwezo. Mashine haiulizi kama linavuja. Mzee mmoja wa veranda yetu aliulizwa chanzo chake cha maji akiwa ameweka sufuria tatu sakafuni kuyakinga. Alijibu kwa ukweli: "Darini."

Hatua ya saba: Zungumza siasa

Sasa umeiva. Siasa ya Novemba ina kanuni zake, na ya kwanza ni kwamba kila tone linaloanguka lina mtu aliyelituma.

Tazama majirani wetu wa Mbeere Kaskazini. Mbunge wao Geoffrey Ruku aliteuliwa waziri, na tarehe 27 Novemba 2025 wakafanya uchaguzi mdogo. Wiki kadhaa kabla yake, vijia ambavyo havijawahi kuona tingatinga viliona magari yenye vioo vyeusi. Naibu Rais Kithure Kindiki, mwana wa Tharaka Nithi hapo ng'ambo ya mto Thuci, alimpigia debe Leo Wa Muthende wa UDA. Rigathi Gachagua, aliyetimuliwa unaibu rais na Seneti Oktoba 2024, alimnadi Newton Karish wa DP. Wa Muthende alishinda kwa tofauti isiyofika kura elfu moja, na veranda yetu, isiyo na hata kura moja Mbeere Kaskazini, ikatangaza kwamba ilikuwa imejua.

Kanuni ya pili: usiwe na chama kabla ya saa nne asubuhi. Ngoja uone nani amekaa upande upi wa benchi na nani atalipa chai. Kanuni ya tatu: ukipewa mwavuli wa kampeni, pokea. Ukipewa wa mpinzani, pokea pia. Mwavuli mmoja ni wa kwenda na mwingine ni wa kurudi, na mvua haijisajili chama. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, mwezi mkavu, ambapo miavuli haigawiwi. Huo utakuwa msimu wa leso na ahadi.

Kanuni ya nne ndiyo kubwa: kila shida iwe na mwenyewe, na mwenyewe asiwe hapa. Hapo ndipo linaporudi lile kalavati.

Hatua ya nane: Mkabidhi mtu kalavati

Mvua ya saa tisa ikishuka kwa nguvu, maji hutelemka kutoka mashamba ya juu yakiwa mekundu kama chai isiyo na maziwa. Yakifika kwenye kalavati hayapati njia. Husimama, hujipima, kisha hupanda juu ya barabara na kuingia verandani kama mgeni anayejua nyumba.

Usisimame. Inua miguu uiweke juu ya benchi, linda kikombe, na uanze mjadala: barabara hii ni ya nani?

Mmoja atasema ni ya kaunti, kwa hiyo atafutwe MCA. Mwingine atasema ni ya serikali kuu, kwa hiyo apigiwe mbunge. Wa tatu, msoma gazeti, atakumbusha kwamba magavana na wabunge wamevutana hadi mahakamani juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa mafuta wa kukarabati barabara, kila upande ukidai kwamba barabara ni zake pesa zinapogawiwa. Hapo veranda hunyamaza kidogo kwa heshima ya bilioni. Mtu atajaribu kuhesabu ni makalavati mangapi. Atafika elfu tatu na kuacha, kwa sababu maji yamefika kwenye soksi.

Azimio litapitishwa kwa kauli moja kwamba chifu aambiwe. Nani atamwambia? Mvua ikipungua, tutaangalia. Mvua ikipungua, maji yatashuka yenyewe, yataacha mchanga, chupa mbili mpya na kandambili moja ya kushoto, na azimio litangoja mvua ijayo. Kwa njia hii kalavati moja linaweza kulisha veranda mazungumzo kuanzia Oktoba hadi Krismasi bila gharama yoyote kwa mlipa kodi.

Wiki iliyopita nilimwuliza mwenye duka kama ana jembe. Alisema liko nyuma ya mlango. Nililitazama: mpini mzima, ukali wake upo, na utando wa buibui umeunganisha mpini na ukuta. Nikapiga hesabu ya kazi yenyewe. Kutoa gunia, kuvuta vijiti, kukwangua mchanga wa mdomoni: kwa mtu mmoja ni nusu saa, na kwa watu sita waliomo verandani haifiki muda wa kungoja chai ichemke.

Ningelichukua, ila nilikuwa nimeshika kikombe. Wewe mgeni umeshuka mikono mitupu. Jembe liko nyuma ya mlango.