Mjomba Bingwa Ajibu: Laptopu Iliyogoma Kuamka

*Mjomba Bingwa, shikamoo. ThinkPad T420 yangu nikiiwasha naenda kuoga, naanika na nguo, nikirudi duara bado linazunguka. Fundi anasema niweke SSD. Nimwamini? Mchovu, Mbagala.*

Marahaba, mwanangu. Fundi gani tena huyo? Kama ni wa Kariakoo, basi kushika bisibisi kajifunza kwa kunichungulia mimi, ingawa hatakiri.

Anza na tiba yangu. Mlete mama mkwe aikaripie hiyo laptopu. Wangu aliwahi kulikaripia jenereta, likawaka bila mafuta, na mpaka leo likimwona linapunguza kelele kwa adabu. Huna mama mkwe? Oa au uolewe kwanza, ndipo tuendelee.

Haya, kwa wasio na subira. Ndani ya diski yako mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kimkono kinachohangaika huku na huko kutafuta vipande vya mafaili. SSD haina kinachozunguka. T420 ni ya 2011, kwa hiyo inataka SSD ya SATA ya inchi 2.5, kile kijiti cha M.2 hakina pa kukaa humo. Na ukiuziwa ya terabaiti 4 kwa bei ya chipsi mayai, umenunua kasha.

Halafu vijana mnalalamika! Mwaka 1956 IBM walitoa RAMAC, mashine yenye diski iliyopita tani moja kwa uzito, ikibeba herufi milioni 5 tu. Mimi kichwani nina zaidi ya hizo, na shingo haijawahi kuniuma.

Tulikuwa wapi? Ehe. Hifadhi mafaili muhimu pembeni. Unganisha SSD kwa kebo ya SATA kwenda USB, nakili diski nzima kwa programu ya Clonezilla. SSD isiwe ndogo kuliko diski ya zamani. Zima, toa betri, legeza skrubu moja ya kifuniko, vuta diski, ivue zile raba nyeusi za pembeni uivishe SSD. Raba hizo wengi huzitupa, kisha wanakuja kwangu wakilia kwamba diski inacheza. Nawapokea, nawacheka, nawauzia raba.

Rudisha, washa, kwisha. Mengine utamalizana nayo, maana mlangoni pana foleni, na mama mmoja wa Tanga anadai friji yake inamsengenya.